Mlezi wa Skauti Baada ya Kambi ya Mafunzo

Uskauti, uliochipuka kutokana na kambi ya majaribio iliyoandaliwa na Robert Baden-Powell katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, ulienea kwa kasi kuliko uwezo wa kupata watu wazima wa kuuongoza, na pengo hilo ndilo lililozaa mafunzo ya walezi yanayotumika hadi leo katika nchi nyingi. Mwaka 1919 W. F. de Bois Maclaren, kamishna wa skauti kutoka Scotland, alitoa fedha za kununua shamba la Gilwell Park, pembezoni mwa London, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikafanyika hapo kozi ya kwanza ya Beji ya Mbao, yaani sifa anayotunukiwa mlezi aliyehitimu mafunzo ya uongozi. Alama yake ni shanga mbili za mbao zinazovaliwa shingoni kwa ugwe wa ngozi. Zile za mwanzo zilichomolewa katika mkufu ambao Baden-Powell alirudi nao kutoka vita vya mwaka 1888 katika nchi ya Wazulu, asili ambayo msomaji wa Afrika ana kila sababu ya kuitafakari kabla ya kuishangilia.

Ubora wa kozi hiyo ulikuwa katika mbinu yake. Watu wazima waligawanywa katika vikosi vidogo kama wagawanywavyo vijana, wakapiga mahema, wakapika na kupokezana uongozi, kwa kuwa mfumo wa vikosi, ambao humpa kijana madaraka halisi juu ya wenzake wachache, haueleweki vema na mtu ambaye hajawahi kuuishi. Hata hivyo, kambi ilikuwa sehemu moja tu ya mafunzo, kwani mshiriki alipaswa pia kujibu maswali ya nadharia na, jambo lililo zito zaidi, kuongoza kikundi chake mwenyewe kwa muda chini ya uangalizi kabla ya kukabidhiwa shanga.

Sehemu hiyo ya uangalizi ndiyo inayopuuzwa kwa urahisi, kwa sababu haina sherehe wala picha ya pamoja, na inamhitaji mtu mzoefu aliye tayari kumtembelea mlezi mpya Jumamosi baada ya Jumamosi, kumwona akishindwa kutuliza vijana 40, kisha kukaa naye pembeni na kumwonyesha njia nyingine. Mlezi aliyerudi kutoka kambini akiwa na ari, lakini akakosa mtu wa kumuuliza, hukata tamaa upesi kuliko yule ambaye hakufunzwa kabisa, maana sasa anaujua umbali uliopo kati ya alichofundishwa na anachokifanya.

Nchini Tanzania na Kenya, ambako vikundi vingi vimejengwa ndani ya shule, tatizo hilo huchukua sura ya pekee. Mlezi mara nyingi ni mwalimu aliyepewa jukumu hilo juu ya vipindi vyake, hivyo ni vigumu kusema amejitolea kwa hiari kamili, na anapopata uhamisho kikundi chote kinaweza kusambaratika hata kama yeye mwenyewe bado anaupenda uskauti. Ingekuwa busara zaidi kuwafunza walezi wawili au watatu kwa kila shule, mmoja wao akiwa mzazi au mkazi wa jirani, kuliko kumpeleka mwalimu mmoja kozi baada ya kozi.

Sera za Shirika la Skauti Duniani kuhusu watu wazima huitazama huduma ya mlezi kama mzunguko: hutafutwa na kuchaguliwa, jambo ambalo sera ya kuwakinga vijana dhidi ya madhara, iliyopitishwa Baku mwaka 2017, imelifanya kuwa nyeti zaidi, kisha hufunzwa na kusaidiwa, na hatimaye hufikia uamuzi wa kuendelea, kubadilishiwa jukumu au kustaafu. Msingi wake ni makubaliano ya pande mbili, yanayotaja kazi, muda na msaada ambao chama cha skauti kitautoa. Huenda wapo watakaoona kwamba kumwekea mtu ukomo ni kumfukuza, ilhali mtu mwenye familia na ajira hukubali kwa wepesi zaidi kutoa miaka miwili inayojulikana kuliko jukumu lisilo na mwisho, na miaka hiyo ikiisha anaweza kuomba mingine bila kulazimishwa. Mlezi asiyeona mlango wa kutokea kwa heshima huanza kukosa mikutano mmoja mmoja, akaacha kupokea simu, na chama hugundua kuondoka kwake wakati kikundi kimeshavunjika.