Walionasa Simba kwa Kamba

Katika Langas, karibu na Eldoret, ng'ombe huswagwa kwa fimbo na mluzi. Kwa hiyo mtu wa huko atazamapo sinema za makoboi, yaani wachunga ng'ombe wa Marekani, huona ajabu: mpanda farasi huzungusha kamba yenye kitanzi, akaitupa, na ng'ombe akanaswa shingoni huku akikimbia. Wengi hudhani ni mchezo tu. Lakini mwaka 1910 kamba hizo zilitupwa katika nchi ya Kenya, na walionaswa ni twiga, kifaru na simba jike.

Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Charles Jesse Jones, aliyezaliwa Marekani mwaka 1844. Ujanani aliwaua nyati wa kwao kwa wingi. Baadaye, alipoona wanakwisha kabisa, akageuka kuwanasa ndama wao kwa kamba na kuwafuga. Ndipo watu wakamwita Buffalo Jones.

Alipofika Kenya alikuwa na umri wa miaka 66, umri ambao wazee wengi huketi kivulini. Alifuatana na makoboi wawili, Loveless na Means, pamoja na farasi na mbwa kutoka kwao. Mpiga picha alikuwa Mwingereza Cherry Kearton. Sinema za siku zile zilikuwa bubu, na filamu ilizungushwa kwa mkono. Basi Kearton hakuwa na budi kusimama karibu na hatari, mkono mmoja ukiendelea na kazi.

Siri ya kamba ni farasi. Mwisho wa kamba hukazwa kwenye tandiko, na mnyama akivuta, farasi aliyefunzwa hurudi nyuma ili isilegee. Ikilegea, mnyama mkali hupata nafasi ya kumrukia mpandaji. Kwa hiyo hutakiwa watu wawili, mmoja akivuta huku na mwingine kule, mnyama asimfikie yeyote. Kwa kifaru hata hilo halikutosha, maana uzito wake hupita kilo 1,000. Walishindana naye kwa saa nyingi.

Simba jike alipatikana katika mbuga za Sotik. Mtu akitoka Langas kwa njia ya Kapsabet, akazidi kwenda kusini kupitia Kericho, hufika Sotik. Lakini jina hilo wakati ule lilienea mpaka mbuga za Wamasai. Alifungwa akiwa hai, akasafirishwa mpaka bustani ya wanyama ya New York.

Siku zile zile, huko Marekani, mwigizaji G. M. Anderson alikuwa akipata sifa kwa jina la Broncho Billy, koboi wa kwanza kuwa mashuhuri katika sinema. Naye alipoanza, katika picha ya mwaka 1903 ya wizi wa garimoshi, hakujua kupanda farasi vizuri. Makoboi wa Jones hawakuwa waigizaji, wala yule simba hakuwa amefundishwa.

Picha ya Kearton ilionyeshwa mwaka 1911. Jones alirudi Afrika mwaka 1914 kutafuta masokwe, akashikwa na malaria, akafa kwao mwaka 1919.