Chotara na Kuku Anayeatamia

Katika kata ya Tingi, wilayani Kilwa, ni nadra kuupita ua wa nyumba bila ya kumwona kuku akiparua udongo chini ya mwembe au mkorosho. Kuku huyo hana mashine ya kutotolea mayai, hana chakula cha dukani, na aghalabu hana hata banda lake. Hata hivyo, mwaka baada ya mwaka huzaa na kulea warithi wake mwenyewe. Uwezo huo, unaoonekana kuwa jambo la kawaida, ndio msingi wa ufugaji wote wa uani. Nao ndio wa kwanza kupotea mfugaji anapochanganya mbegu bila ya mpango.

Siku 21 kiotani

Kuku wa kienyeji akishataga mayai kumi hadi kumi na tano, huacha kutaga na kuanza kuatamia. Badiliko hilo huletwa na homoni iitwayo prolaktini, itolewayo na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni hiyo ikizidi mwilini, ovari hunywea na utagaji hukoma. Manyoya ya kifuani hupungua, na ngozi yenye damu nyingi huyagusa mayai moja kwa moja. Kwa muda wa siku 21 kuku huyapa mayai joto la nyuzi 37 hadi 38 za Sentigredi, na huyageuza mara nyingi kwa siku ili kiinitete kisigande kwenye utando. Mashine hufanya kazi hiyo hiyo, lakini hudai umeme au mafuta, na mtu wa kuiangalia.

Katika pwani ya Lindi iko hatari isiyoonekana kwa urahisi. Kiinitete hulala bila ya kukua endapo tu yai limehifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 20 hivi au chini yake. Katika joto la pwani huanza kukua polepole kabla kuku hajaatamia, kisha hudhoofika na kufa. Kwa hiyo yai lililokaa kiotani majuma mawili huweza kuwa viza, ingawa lilikuwa na mbegu.

Njia ya kuipunguza hasara hiyo ni nyepesi. Mayai yaokotwe kila siku, liachwe moja tu ili kuku asikihame kiota. Kila yai liandikwe tarehe kwa penseli, kisha yawekwe mahali penye ubaridi ndani ya nyumba, ncha nyembamba ikielekea chini. Kuku aliyetulia kiotani apewe mayai 10 hadi 12 yasiyozidi umri wa siku saba, yote kwa pamoja, wakati wa jioni. Siku ya saba ya kuatamia mayai yamulikwe gizani kwa tochi. Yenye mishipa ya damu iliyotanda mfano wa miguu ya buibui yarudishwe. Yaliyo maangavu yaondolewe.

Faida na gharama ya uchotara

Kuku wa kienyeji hutaga kiasi cha mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, kwa sababu muda mwingi huutumia kuatamia na kulea. Ndiyo maana mfugaji huvutwa na mbegu ya kigeni. Kuku watagaji wa kisasa wamechaguliwa kwa vizazi vingi ili wasiatamie, maana siku ya kuatamia ni siku isiyo na yai. Katika mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2014, kuku aina ya Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa walijaribiwa katika vijiji vya Tanzania.

Jogoo wa kigeni akipanda matetea wa kienyeji, kizazi cha kwanza aghalabu hukua upesi na kutaga zaidi. Lakini chotara hao wakizaana wenyewe kwa wenyewe, jeni hugawanyika upya: mmoja huwa mkubwa, mwingine mdogo, na wengi hawaatamii. Mfugaji akiwarudishia jogoo wa kigeni, sehemu ya ugeni hupanda kutoka nusu hadi robo tatu, kisha saba ya nane. Hapo atakuwa na mayai mengi, lakini hana kuku wa kuyaangua, naye atalazimika kununua vifaranga kila msimu.

Haina maana kwamba kuchanganya ni kosa. Wataalamu waliowachunguza kuku wa kienyeji wa Tanzania, kama vile Kuchi, Ching'wekwe na Singamagazi, wamekuta dalili za asili ya Bara Hindi na ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kuku wa kienyeji naye ni mgeni wa zamani. Linalotakiwa ni hesabu. Jogoo wa kigeni atengewe matetea wachache katika ua wa peke yake, na chotara wake wawe wa kuuza na kula. Mayai yao yaweza kuwekwa chini ya kuku wa kienyeji anayeatamia. Warithi wa kundi wachaguliwe miongoni mwa watoto wa kuku anayeatamia na kulea vyema. Jogoo wa kienyeji naye abadilishwe na wa kijiji kingine kabla hajawapanda binti zake.

Mpango huo wote hubatilika kideri kikiingia, kwani huweza kuliangamiza karibu kundi zima, chotara na wa kienyeji pia. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Somo la urithi uani

Shule inaweza kuanza na kuku wa kishingo. Jeni moja humpunguzia kuku huyo manyoya, na hivyo humsaidia kupoza mwili. Mwenye jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo; aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huwa na shingo tupu kabisa au karibu tupu. Wenye kishada wawili wakipandana, katika kila vifaranga vinne hutarajiwa kimoja cha shingo tupu, viwili vya kishada na kimoja cha manyoya kamili.

Wanafunzi wahesabu vifaranga vya makundi kadhaa, maana kundi moja ni dogo mno kuthibitisha uwiano huo. Katika daftari hilo hilo waandike pia ni matetea gani walioatamia mpaka mwisho, na ni vifaranga wangapi walioishi hadi miezi miwili. Mfugaji atakayeisoma safu hiyo ya pili atajua ni tetea yupi asiyefaa kuuzwa.