Mwanamke na Amana ya Hazina

Mkaazi wa Ivuna, katika mkoa wa Songwe, anunuapo sabuni hulipa kodi iliyokwisha tiwa ndani ya bei, ijapokuwa hakumwona mtoza kodi. Fedha hiyo ni amana, na miongoni mwa walioishika wamo wanawake.

Zakia Meghji alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania, mwaka 2006. Saada Mkuya Salum wa Zanzibar alikuwa Naibu Waziri tangu 2012. Januari 2014 akapewa wizara yenyewe, baada ya kufariki William Mgimwa. Mwaka huohuo wahisani walizuia misaada ya bajeti kwa sababu ya fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta, ikambidi aongoze Hazina iliyopungukiwa. Mwaka 2022 alikabidhiwa fedha na mipango ya Zanzibar.

Upungufu wa Hazina hauishii mjini. Hufika hata katika zahanati ya kijiji, dawa zikakosekana. Basi, enyi wazazi, twawausia: binti afundishwe hesabu pamoja na uaminifu. Mwaminifu asiyejua hesabu hudanganywa, na ajuaye hesabu bila uaminifu huwadhulumu wenziwe.