Komoro: jinsi jamhuri inavyogeuka mali ya mtu mmoja



Hapa Majengo, Pumwani, sisi watu wa pwani tuliohamia Nairobi tuna baraza yetu ya kahawa. Tukitoka msikitini baada ya Isha tunakaa, kahawa chungu na kashata, na mazungumzo huanzia bei ya unga yakaishia Gaza. Usiku mmoja kijana aliyekuwa akisoma habari kwenye simu aliuliza, "Ami, Komoro si jamhuri? Wana katiba, wana bunge, na kura wanapiga. Mbona basi watu husema ni nchi ya mtu mmoja?"

Mzee mmoja akamkata. "Wale ni ndugu zetu, na rais wao ni Mwislamu mwenzetu. Ya kwao waachie wenyewe."

Kijana akanyamaza kwa adabu. Nami sikumjibu mzee, maana mkubwa habishwi mbele za watu. Lakini swali lilikuwa la haki, na leo nalijibu hapa.

Komoro si ugenini kwetu. Wangazija wako Mombasa, Lamu na Unguja tangu enzi za mababu, na lugha yao na yetu ni ndugu. Tangu 1993 nchi hiyo ni mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, na katiba yake yautaja Uislamu kuwa dini ya dola. Kwa hiyo anayetaka kuelewa jamhuri za Kiarabu zinavyotawaliwa hana haja ya kwenda Cairo wala Damascus. Mfano uko jirani.

Visiwa hivi vilijitangazia uhuru kutoka kwa Ufaransa tarehe 6 Julai 1975, ila Maore ikabaki chini ya Wafaransa hadi leo. Hata mwezi haujatimia, rais wa kwanza Ahmed Abdallah akapinduliwa. Mwaka 1978 alirudishwa na mamluki wa Kifaransa Bob Denard, na mwaka 1989 akauawa akiwa madarakani. Mwaka 1997 Nzwani na Mwali zikajitangaza zimejitenga. Aprili 1999 mkuu wa jeshi, Kanali Azali Assoumani, akatwaa madaraka.

Katika vurugu hizo ndipo ukapatikana mwafaka wa Fomboni, Februari 2001, na katiba iliyofuata ikaweka jambo la busara: urais uende kwa zamu. Muhula mmoja Ngazija, unaofuata Nzwani, kisha Mwali. Kina mama zetu wanaujua mpango huu. Ni mchezo, au chama kama wanavyosema hapa Nairobi: leo napokea mimi, kesho wewe, keshokutwa yule, na hakuna wa kudhulumiwa.

Mpango ulifanya kazi. Azali mwenyewe alichaguliwa 2002 kwa zamu ya Ngazija, na 2006 akamkabidhi Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani. Mwaka 2011 Sambi akamwachia Ikililou Dhoinine wa Mwali. Mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija, na Azali akashinda tena. Kwa kanuni ile, 2021 ilikuwa zamu ya Nzwani.

Haikufika. Na hapa ndipo jibu la kijana lilipo, kwa sababu Azali safari hii hakuhitaji kifaru hata kimoja. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake na muhuri wake.

Kwanza ni mwamuzi. Aprili 2018, kwa amri ya rais, kazi za Mahakama ya Katiba zilihamishiwa Mahakama ya Juu. Mahakama hiyo ndiyo ingeulizwa kama rais ana haki ya kugusa kanuni za zamu. Ikawa haipo tena wa kuulizwa.

Pili ni kalenda. Tarehe 30 Julai 2018 ikapigwa kura ya maoni, wapinzani wakaisusia, na serikali ikatangaza kuwa zaidi ya asilimia 92 wamesema ndiyo. Katiba mpya ilimruhusu rais kukaa mihula miwili mfululizo ya miaka mitano mitano, na nafasi tatu za makamu wa rais, ambazo zilikuwa zikivipa visiwa vyote sauti katika serikali, zikafutwa. Machi 2019 uchaguzi ukaitwa kabla ya wakati, na Azali akatangazwa mshindi raundi ya kwanza. Hesabu ikaanza upya, na sasa inafika 2029. Ni sawa na mwenzenu wa mchezo aliyekwisha kupokea, halafu akabadilisha kanuni ili apokee tena kabla ya anayefuata. Nzwani walielewa mara moja. Oktoba 2018 watu walishika silaha katika mji mkongwe wa Mutsamudu, na jeshi likawazima.

Tatu ni mpinzani. Sambi, mtu mwenye wafuasi wengi, alizuiliwa nyumbani kwake Mei 2018. Shtaka lilihusu mpango wa kuuza pasipoti za Komoro kwa mabidun, wale Waarabu wa Ghuba wasio na uraia wa nchi yoyote. Simwiti malaika, suala la pasipoti lilistahili kuchunguzwa, na fedha za umma zina wenyewe. Lakini alikaa kizuizini miaka minne bila kesi kusikizwa, kisha Novemba 2022 akapelekwa mbele ya mahakama maalumu ambayo hukumu yake haikatiwi rufaa. Akapewa kifungo cha maisha kwa uhaini. Haki isiyo na rufaa yafaa kuitwa jina jingine.

Nne ni hesabu ya kura. Uchaguzi wa Januari 2024, tume ilitangaza kuwa Azali amepata asilimia 62.97, na kwamba waliojitokeza kumpigia kura rais ni asilimia 16.3 tu. Watu wakashangaa, kwani siku hiyo hiyo, katika vituo hivyo hivyo, walichagua pia magavana, na huko idadi ilikuwa kubwa zaidi. Ghasia zikazuka Moroni, amri ya kutotoka nje ikawekwa. Siku chache baadaye Mahakama ya Juu ikatoa takwimu nyingine: asilimia 57.2 kwa Azali, na waliojitokeza wakawa asilimia 56.44. Serikali ilikanusha wizi. Lakini ukitaka kujua nchi imefikia wapi, itazame ile namba iliyotoka 16 ikaenda 56, na wapinzani wasiwe na mlango mwingine wa kubisha.

Tano ni nyumba. Katikati ya 2024 rais alimteua mwanawe, Nour El Fath, kuwa Katibu Mkuu wa Serikali, cheo cha kuratibu kazi za mawaziri. Januari 2025 vyombo vya habari viliripoti kuwa rais, akihutubia wafuasi kwa Kikomoro, alisema atamweka mtoto wake ashike nafasi yake. Ikulu ikasema maneno yale yamefasiriwa visivyo. Huenda. Lakini Waarabu wana neno la mzaha kwa hali hii: jumlukiya, yaani jumhuriya na malakiya, jamhuri na ufalme, vilivyopikwa chungu kimoja.

Komoro haikubuni lolote kati ya haya. Hafez al-Assad alipofariki Juni 2000, bunge la Syria lilishusha umri wa kugombea urais kutoka miaka 40 hadi 34, kwa sababu mwanawe Bashar alikuwa na miaka 34. Misri ilirefusha muhula kutoka miaka minne hadi sita kwa kura ya maoni ya 2019, ikamfungulia Abdel Fattah al-Sisi njia hadi 2030. Djibouti, mwanachama mwingine wa jumuiya hiyo hapa upande wetu, iliondoa ukomo wa mihula mwaka 2010. Kote huko uchaguzi uko, bunge liko, na siku ya kupiga kura watu hupanga foleni.

Basi kijana wangu, jibu ndilo hili. Utawala wa mtu mmoja siku hizi hauhitaji kufuta kura. Unamtwaa mwamuzi, unabadilisha kalenda, unamfunga mshindani, kisha unawaita watu wapige kura. Ukingoja siku ya uchaguzi ndipo ufungue macho, umechelewa.

Nasi Kenya tusijione tumepona. Hatua chache kutoka baraza letu uko uwanja wa Kamukunji. Nilikuwa mtoto Mombasa tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, polisi walipowatawanya hapo watu waliodai vyama vingi, huku Kenneth Matiba na Charles Rubia wameshatiwa kizuizini. Wakati huo nasi tulikuwa jamhuri, na miaka miwili kabla tulikuwa tumechagua kwa mlolongo, aliye na foleni fupi akitangazwa mshindi.

Tuliyoyapata baadaye si madogo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu yetu ilifuta uchaguzi wa rais, na Machi 2022 ikazuia mageuzi ya katiba ya BBI. Huyo ndiye mwamuzi ambaye Wakomoro walinyang'anywa. Lakini Oktoba 2024 mswada ulifika Seneti ukitaka muhula wa rais uwe miaka saba, na wananchi wakaupinga kwa wingi. Na tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 IEBC haikuwa na mwenyekiti. Watu wa Magarini, kule kwetu Kilifi, walingoja uchaguzi mdogo hadi Novemba 2025. Wangapi kati yetu tulilalamika?

Namrudia mzee wetu kwa heshima. Ndiyo, Wakomoro ni ndugu zetu. Ndiyo maana hatuwaachii peke yao hata kwa dua na kwa kusema. Na kiongozi kuswali safu moja nasi hakumwondolei amana. Kunamzidishia, kwani anajua ataulizwa.

Agosti 2027 tunapiga kura. Vijana wa Majengo, Kaloleni, Umoja na Kayole, jiandikisheni. Lakini kuanzia leo mtazameni mwamuzi: nani anateuliwa tume, nani anateuliwa jaji, mswada gani unapitishwa watu wakiwa wamelala. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.