Kadi za Kijapani na Kalenda ya Idete

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wa Idete, bonde la Kilombero, walishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66: dozi ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu wiki ya 26. Kinga iliyoripotiwa mwaka 1994 ilikuwa asilimia 31. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuithibitisha.

Chanjo ilikwisha, lakini kalenda yake ingemfaa anayejifunza Kijapani. Akili nayo hupenda marudio yenye nafasi, japo kwa njia tofauti kabisa na ya kinga. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, akijipima mwenyewe, alionyesha kuwa usahaulifu huenda kasi mwanzoni, kisha hupungua.

Ndiyo maana ya kadi: neno upande mmoja, maana upande wa pili. Likikumbukwa, kadi hurudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Likisahauliwa, huanza upya. Programu ya Anki, ya mwaka 2006, hupanga tarehe yenyewe; jina lake ni Kijapani, maana yake kukariri. Pasipo simu, vipande vya boksi vyatosha.

Irabu za Kijapani hazimsumbui Mswahili, kwani ni zile zile tano. Kazi iko kwenye kanji 2,136 za matumizi ya kawaida.

Kosa kubwa ni kugeuza kadi kabla ya kujaribu kukumbuka. Mwanafunzi wa uganga anayekariri dozi za watoto hulitenda pia, na hulijua usiku ule analetewa mtoto mwenye degedege, naye hana wa kumwuliza.