Njia ya panya kuelekea ukurasa wa kwanza wa Google

Wafanyabiashara wa mipakani wanajua vizuri maana ya njia ya panya. Ni ile inayopita nyuma ya kituo cha forodha, haina foleni wala mhuri, na anayeipita hufika upesi siku ambayo hakukamatwa. Siku hizi njia ya panya ipo hata kwenye intaneti, na wanaoiuza wamefika hapa Bukoto.

Bidhaa yenyewe inaitwa kiungo. Ni yale maneno kwenye tovuti fulani ambayo ukiyabofya yanakupeleka kwenye tovuti nyingine. Mwenye biashara analipa ili tovuti nyingi zimtaje na kuelekeza wasomaji kwake, akitumaini kwamba mteja akiandika "vitenge vya jumla Kampala" au "wakala wa forodha Mutukula" katika Google, jina lake litatokea juu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kompyuta, na jioni wafanyabiashara wengi, hasa sisi tuliorejea kutoka uhamishoni, huja kuniuliza mambo ya tovuti. Karibuni mama mmoja anayeingiza viatu na vitenge kupitia Busia aliniletea karatasi ya bei. Dola 150 kwa viungo 20, halafu dola 30 kila mwezi ili visiondolewe.

"Mwalimu, hawa vijana wanasema ndani ya miezi mitatu nitakuwa ukurasa wa kwanza," aliniambia. "Ni kweli au ni wizi?"

"Mama, huenda ikawa kweli kwa muda," nilimjibu. "Hebu nikueleze kwanza unachouziwa."

Nani anakujua?

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mitambo mingi ya kutafuta iliyotangulia iliangalia zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Mjanja akirudia neno "viatu" mara mia moja, alionekana bingwa wa viatu.

Page na Brin walikuja na hoja nyingine. Walisema ukurasa mmoja ukiweka kiungo cha kwenda ukurasa mwingine, huo ni ushuhuda. Anayetajwa na wengi ana uzito, na akitajwa na wenye uzito, uzito wake unazidi.

Sisi tuliorejea hatuhitaji kufundishwa hilo. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwa walimu wa Uganda waliokimbilia Kenya, na huko ndiko nilikosomea. Tuliporudi nyumbani miaka ya 1990, ofisi nyingi zilitaka barua ya mwenyekiti wa LC1. Mwenyekiti naye alikuwa na swali moja: nani anakujua hapa? Vyeti ulivyobeba havikutosha. Alitakiwa jirani wa kusema, "Huyu namfahamu."

Google inauliza swali hilohilo kila siku. Tovuti mpya ni kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Hata bidhaa zake zikiwa nzuri, bila wa kumtambulisha anaweza kukaa ukurasa wa kumi, mahali ambapo wateja hawafiki.

Mihuri ishirini, mkono mmoja

Sasa fikiria mtu mmoja aliyekusanya mihuri ya vijiji ishirini, mingine ya wenyeviti waliokwisha kufariki, naye amekaa chumbani akiandika barua za utambulisho kwa yeyote mwenye hela. Huo ndio mtandao binafsi wa blogu.

Kazi huanza kwa kununua majina ya tovuti ambayo wenyewe wameacha kuyalipia. Linaweza kuwa jina la shirika la hisani lililofungwa, la kanisa, au la gazeti dogo lililokufa. Jina lilishajipatia sifa kwa sababu tovuti nyingine za kweli bado zinalitaja. Mnunuzi analifufua, anajaza makala za kubabaisha, na katikati ya makala anapachika viungo vya wateja wake.

Ili asigundulike, anasajili majina hayo kwa njia mbalimbali, anayaweka kwenye kompyuta za kampuni tofauti, na kubadilisha sura ya kila blogu. Kwa nje unaona mashahidi ishirini. Ndani ni mtu mmoja.

Vijana wetu wamo katika kazi hiyo. Mwanafunzi wangu wa zamani aliwahi kuandika makala hizo usiku akiwa chumba cha kupanga hapa Bukoto. Leo anaandika kuhusu meno ya mbwa, kesho kuhusu mawakili wa Florida, mahali ambapo hajapata kukanyaga. Fedha ilimlipia pango kwa muda. Baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022, aliyekuwa akimwajiri alianza kutumia mashine kuandika, na kazi ikakauka.

Faida ipo

Haitakuwa haki kusema wanunuzi wote ni wajinga. Wapo waliopanda, na wapo waliouza. Kiungo kutoka jina lenye sifa kinaweza kuinua tovuti haraka kuliko miaka ya kungoja kutajwa.

Tena, haja yenyewe ni ya kweli. Januari 2021, kuelekea uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini Uganda. Wenye maduka waliokuwa wamejenga soko lao lote kwenye ukurasa wa Facebook walijikuta wateja hawawaoni, isipokuwa wale waliotumia njia za kuzunguka. Wengi walijifunza kwamba ni vizuri kuwa na tovuti yako mwenyewe. Lakini kuwa nayo ni jambo moja, na kuonekana ni jambo jingine. Hapo ndipo muuza viungo anapobisha hodi.

Namfahamu bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni mpakani aliyelipa kwa miezi minane. Alipanda kweli, simu za madereva na wasafiri zikaongezeka, akaajiri wasichana wawili wa usafi. Kisha muuzaji akapandisha bei, naye akashindwa. Viungo viliondolewa wiki hiyohiyo na tovuti ikarudi ilikotoka. Wasichana wale wamekwisha kuondoka.

Hasara hiyo ya kwanza haisemwi sana: viungo hivi ni vya kupanga. Siku usipolipa kodi, unatolewa nje, na miezi minane ya malipo haikuachii hata tofali.

Wakubwa walivyoanguka

Hasara ya pili ni kukamatwa, na wamekamatwa watu wenye mali kuliko sisi.

Februari 2011 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba tovuti nyingi zisizohusiana na biashara ya J. C. Penney, duka kubwa la Marekani, zilikuwa na maelfu ya viungo vilivyoelekeza kwake. Kwa miezi kadhaa, pamoja na msimu wa sikukuu wa 2010, duka hilo lilikuwa juu kwa bidhaa nyingi. Google ilipochukua hatua, ndani ya saa mbili za jioni moja lilishuka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 kwa masanduku ya Samsonite, na kutoka ya 1 hadi ya 68 kwa samani za sebuleni. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo hivyo na ikaachana na mshauri wake. Lakini aliyeshushwa ni mwenye duka.

Februari 2013 ilikuwa zamu ya Interflora, wauza maua wa Uingereza. Makala za matangazo zenye viungo vyao zilikuwa zimesambazwa katika magazeti ya mikoani. Tovuti yao ilitoweka kwa siku kadhaa, hata kwa aliyeandika jina lao lenyewe, wiki chache kabla ya Siku ya Mama, msimu wao wa mavuno. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuzuiliwa mzigo mpakani wiki ya mwisho kabla ya Krismasi anajua maumivu hayo.

Mitandao yenyewe nayo imepigwa. Machi 2012 mtandao ulioitwa BuildMyRank ulitangaza kufunga baada ya sehemu kubwa ya blogu zake kuondolewa katika matokeo ya Google. Aprili mwaka huohuo Google ilitoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin kwa ajili ya viungo vya ulaghai na hila za aina hiyo. Septemba 2014 likaja pigo jingine kwa mitandao ya blogu. Desemba 2022 mfumo wake wa SpamBrain uliongezewa kazi ya kutambua viungo vya kununuliwa, na Machi 2024 kanuni mpya zilitaja waziwazi ununuzi wa majina yaliyoachwa kwa nia ya kuinua tovuti.

Watu hugunduliwaje? Kwa alama za miguu. Blogu ishirini zinakaa kwenye kompyuta moja, au zina sura zinazofanana, hazina wasomaji, na zote zinawataja mwenye viatu wa Kampala na daktari wa meno wa Texas.

Fedha ya bure baharini

Hasara ya tatu ni ya kimyakimya, na kwa mfanyabiashara mdogo nadhani ndiyo kubwa. Tangu Septemba 2016 Penguin imekuwa ikivipuuza tu viungo vingi vya aina hii badala ya kuishusha tovuti nzima. Hupati barua ya adhabu, na jina lako halifutwi. Unaendelea kulipa dola 30 kila mwezi kwa mashahidi ambao hakimu ameacha kuwasikiliza.

Ukipewa adhabu yenyewe, itakubidi utafute viungo vyote, uombe viondolewe, na vinavyobaki uvikane kwa chombo ambacho Google ilikitoa Oktoba 2012. Halafu unaandika ombi la kusamehewa na kusubiri. Google si serikali na haitakupeleka mahakamani, lakini rufaa yako inaamuliwa na yeye mwenyewe aliyekuadhibu.

Barabara yenye mhuri

Je, mfanyabiashara afanyeje? Yule mama wa Busia nilimshauri aanze na wale wanaomjua kweli.

Kama uko katika chama cha wafanyabiashara au cha mawakala wa forodha, omba anwani ya tovuti yako iwekwe kwenye orodha ya wanachama. Waombe wanaokuuzia kwa jumla wakutaje kama wakala wao. Sajili biashara yako kwenye ramani ya Google, jambo lisilolipiwa, ukiweka mahali ulipo, saa za kazi na simu inayopokelewa.

Andika pia unachokijua. Nani anaweza kueleza vizuri kuliko ninyi jinsi mzigo mdogo unavyopita Busia au Malaba, karatasi zipi zinahitajika, na makosa gani humchelewesha mgeni? Ukurasa mmoja wa aina hiyo, kwa Kiswahili chepesi, unaweza kutajwa na watu usiowalipa. Waliorejea wakiwa hawajui taratibu za nyumbani watakushukuru.

Ukitaka kulipia kutajwa, inaruhusiwa, mradi iwe tangazo la wazi. Tangu 2005 ipo alama ya kuiambia Google isikihesabu kiungo kama ushuhuda, na mwaka 2019 ikaongezwa ya viungo vya kulipiwa. Wasomaji watakuja, na hutakuwa umemdanganya mtu.

Na akija kijana na karatasi ya bei, muulize maswali manne. Tovuti hizo ni zipi, nizisome leo? Mwenyewe ni nani? Nani huzisoma? Nikiacha kulipa mwezi wa pili, nini kitabaki? Anayeuza kitu halali atajibu. Wauza mitandao wengi hukataa swali la kwanza tu, wakisema tovuti zao ni siri.

Shahidi anayefichwa hamfai mtu mbele ya mwenyekiti wa LC1, na mbele ya Google pia hadumu. Dola 150 ni mtaji wa viatu vya kuanzia, na dola 30 za kila mwezi ni nauli ya safari kadhaa za Busia. Zipimeni hivyo kabla ya kuzitoa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha majirani wanaokujua hakuna wa kukiondoa wiki usipolipa.