Tour du Rwanda: Mwendo wa Saa au Kinyume Chake?

Kila mwaka, kabla ramani rasmi ya Tour du Rwanda haijatoka, mashabiki wa baiskeli huanza kuulizana kuhusu miji. Safari hii Rusizi imo? Nyagatare je? Rwanda ina kilomita za mraba 26,338 tu, na barabara za lami zinazoweza kubeba msafara mzima, pamoja na magari ya timu, pikipiki za waamuzi na ambulensi, zinahesabika. Tangu mashindano haya yaingie kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009, nyingi zimekwisha kupitiwa, kwa hiyo majina ya miji hayatuambii mengi. Swali lenye uzito ni moja: mbio zitaizunguka nchi kufuata mwendo wa saa, au kinyume chake?

Chukua miaka miwili iliyofuatana. Mwaka 2024 msafara ulifuata mwendo wa saa: ulishuka kusini hadi Huye, ukavuka kwenda Rusizi, ukapanda kando ya Ziwa Kivu kupitia Karongi na Rubavu, ukafika Musanze, ukarudi Kigali. Mwaka 2025 ulikwenda kinyume chake, ukianza mzunguko huo kaskazini: Musanze, Rubavu, Karongi, Rusizi, Huye, halafu nyumbani. Barabara ni zile zile kwa sehemu kubwa, lakini mbio zenyewe zilikuwa nyingine kabisa.

Sababu iko katika msitu wa Nyungwe. Barabara ya Huye hadi Rusizi ina urefu wa kilomita 140 hivi, na katikati yake umekaa msitu huo ulioko juu ya mgongo unaogawa maji ya Afrika: mvua ya upande mmoja huishia mto Kongo, ya upande wa pili huishia Nili. Lami inapita kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400. Ukitokea Huye, sehemu ya juu kabisa inakuja baada ya nusu ya safari, miguu ikiwa imekwisha kuchoka, kisha unafuata mteremko mrefu wa kona hadi kwenye mashamba ya chai ya Gisakura. Mpandaji mwepesi aliyepata sekunde 30 kileleni anaweza kuzilinda, maana kwenye kona za kushuka kila mtu anajitegemea. Faida ya kujificha nyuma ya wenzako hupungua sana. Ukitokea Rusizi, mlima huo huo unakuja mapema. Atakayechomoka pale atabaki na kilomita nyingi za kupanda na kushuka hadi Huye, peke yake dhidi ya upepo, huku timu zilizo kamili zikimvuta taratibu. Zaidi ya hayo, ndani ya msitu hakuna mashabiki. Kwingine Rwanda watu hujipanga kandokando ya barabara kwa maelfu na kelele zao humsukuma mtu. Nyungwe ni miti na nyani, na anayeumia huumia kimya.

Ndiyo maana mimi hupenda mwendo wa saa, na ningepewa kalamu ningechora Rusizi kama mwisho wa hatua, si mwanzo.

Fununu zikianza kuvuja, kuna njia ya kuzipima. Rusizi iko mbali na Kigali; kwa gari ni safari ya saa nyingi, na hakuna kocha anayetaka waendeshaji wake wakeshe garini. Hatua ikiishia Rusizi, ya kesho yake lazima ianzie mji wa kando ya ziwa, na Karongi ndio ulio tayari. Ikianzia Rusizi, basi usiku uliotangulia timu zimelala huko huko magharibi. Kwa hiyo ukithibitisha mwelekeo wa hatua moja tu ya Rusizi, upande wote wa ziwa unajipanga wenyewe. Vyumba vya hoteli navyo husema mengi, kwani msafara wa namna hii hauwezi kulala popote tu.

Rubavu inataka kusomwa kwa uangalifu zaidi. Mji huu umeungana na Goma ya Kongo, na watu wa pande zote mbili wamezoea kuvuka mpaka kwa miguu. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, mbio zilikuwa zimebakiza wiki chache tu, na timu ya vijana ya Soudal Quick-Step ikajiondoa. Hatua ya Rubavu iliendeshwa hata hivyo. Anayekisia njia bila kufuatilia hali ya mpaka huo anakisia nusu.

Mwinuko nao huamua nani ananufaika. Kuanzia 2019, mashindano yalipopandishwa hadi daraja la 2.1, hadi 2023, Waeritrea walishinda mara 4 kati ya 5: Merhawi Kudus, Natnael Tesfatsion mara mbili, na Henok Mulubrhan. Asmara, mji mkuu wao, iko juu ya mita 2,300, na mapafu yaliyokulia hapo hayashtuki Musanze. Mgeni kutoka usawa wa bahari huhitaji siku kadhaa kuzoea, naye angependa milima mikubwa ije mwishoni. Hapo tena mwendo wa saa una maana yake: kaskazini inakuja baada ya siku nne au tano, mgeni akiwa amepata pumzi.

Jumapili ya mwisho haina haja ya kukisiwa sana. Ubingwa wa dunia wa Septemba 2025, wa kwanza kufanyika Afrika, uliacha Kigali na njia inayojulikana duniani kote. Mlima Kigali una kilomita 5.9 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 6.9, na ndiko mshindi, Tadej Pogačar, aliposhambulia zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Kuna ukuta wa mawe wa Kwa Mutwe, mita 400 zenye asilimia 11, unaopanda Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimesikika kwa vizazi. Kuna pia mawe ya Kimihurura. Tour du Rwanda ilizijua njia hizi zamani, na sioni kwa nini iziache.

Kinachobaki ni Kinigi. Mwaka 2024 kulikuwa na mbio dhidi ya saa za kilomita 13 kutoka Musanze kupanda hadi huko, chini ya volkano. Katika mbio ambazo washindani hutenganishwa na sekunde, kilomita 13 za mtu kupanda peke yake zinatosha kuwapanga upya kumi bora. Zikirudi, timu zitaleta wapandaji wenye mwendo mmoja usioyumba na zitaendesha kwa tahadhari magharibi kote, zikisubiri siku hiyo. Zisiporudi, watalazimika kushambulia mapema, kuanzia Nyungwe, na jezi ya njano inaweza kubadilisha mabega hata mzunguko wa mwisho wa Kimihurura.